Chema hakijiuzi tena: Ni nani anayeziandikia bidhaa zetu maelezo?

Wahenga walitufunza kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imefundishwa katika madarasa yetu kwa miaka na mikaka, na sina shaka kwamba wapo wanafunzi watakaoinukuu katika insha zao kabla ya muhula huu kwisha. Nathubutu kusema kwamba wahenga hao hawakujaliwa kuliona soko la mtandaoni. Huko, chema kisichotembezwa hakionwi na yeyote, na kibaya kilichopambwa kwa maneno matamu hununuliwa asubuhi na kulaaniwa jioni.

Nimeyawaza haya mara nyingi hapa Kanduyi, mahali ambapo malori yanayoelekea Malaba na Uganda hupita usiku na mchana. Anayesimama kando ya barabara kwa nusu saa atatambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba bidhaa si haba. Mitumba imetandazwa juu ya maturubai, vyungu vimepangwa kwa ukubwa wake, na hapa na pale kunaonekana redio ya mbao ya zama za baba zetu, taa ya kandili, au cherehani ya Singer ambayo ingali inashona. La pili ni kwamba wachuuzi wengi walio vijana hawamtazami mpita njia. Macho yao yako kwenye simu. Wamo sokoni, ilhali soko lao liko kwingine.

Sioni sababu ya kuwalaumu. Mchuuzi anayengoja wateja kando ya barabara anawategemea wale tu waliopita siku hiyo na wenye fedha mfukoni siku hiyo. Akiipiga picha bidhaa yake na kuituma mtandaoni, mteja wake anaweza kuwa mtu wa Nairobi, takriban kilomita 400 kutoka hapa, au hata mtu wa London ambaye hajui Kanduyi iko upande gani wa dunia. Biashara ya namna hii si ngeni tena. Pierre Omidyar alianzisha mnada wa eBay huko Marekani mwaka 1995. Soko la Etsy, lililolenga kazi za mikono na vitu vya kikale, lilifunguliwa mwaka 2005. Facebook ikafungua soko lake mwaka 2016, na hapa kwetu Jiji ilichukua nafasi ya OLX mwaka 2019. M-Pesa, iliyozinduliwa mwezi Machi 2007, ilimwondolea mnunuzi na muuzaji wa humu nchini adha ya kukutana ana kwa ana ili kukabidhiana noti, na mwaka 2018 ikawezekana kuhamisha fedha baina ya PayPal na M-Pesa.

Basi soko lipo na njia za malipo zipo. Usafirishaji bado ni mzigo, hasa kwa bidhaa kama chungu, ambacho hakipendi safari. Hata hivyo, vifurushi hupanda mabasi ya usiku kila siku na kufika salama. Ninachotaka kumwonyesha msomaji ni upungufu mwingine, ambao hauhitaji mkopo wa benki wala msaada wa serikali kuuondoa, nao ni upungufu wa maneno. Bidhaa zetu zinaingia mtandaoni zikiwa mabubu.

Chukua mfano wa litungu. Si mara moja nimekuta picha ya ala hii mtandaoni, na chini yake yameandikwa maneno machache kwa Kiingereza yasemayo kwamba hicho ni kinubi cha Kiafrika, cha zamani, kizuri, na kwamba bei inajadiliwa. Hayo ndiyo maelezo yote. Anayeyasoma hataambiwa kwamba litungu ni la Wabukusu, kwamba kwa kawaida lina nyuzi saba, kwamba mwili wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, na kwamba nyuzi zake hupanda hadi kwenye mti uliokingama juu ya mikono miwili. Hataambiwa kwamba nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, wala kwamba obokano ya Wagusii ni kubwa kuliko hizo mbili na ina sauti nzito ya kutetemesha kifua. Wala hatajua kwamba adungu ya Waalur wa Uganda, yenye shingo moja iliyopinda kama upinde, ni ya ukoo mwingine kabisa wa ala. Ala zote hizo nne zimetupwa katika kapu moja la "kinubi cha Kiafrika", kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja chenye fundi mmoja.

Kuna hasara mbili hapa, na hakuna hata moja iliyo ndogo. Hasara ya kwanza ni ya heshima, nayo inaeleweka. Ya pili ni ya fedha. Soko la mtandaoni halina macho, lina maneno tu. Mnunuzi huandika neno katika kisanduku cha kutafutia, na mashine humletea bidhaa zenye neno hilo. Mtu anayeijua ala yetu, ambaye huenda ni mwalimu wa muziki au mkusanyaji wa ala, naye ndiye aliye tayari kulipa bei ya haki, ataandika "litungu". Kama neno hilo halimo katika tangazo, hatalipata hata likiwa zuri kiasi gani. Atakayelipata ni yule anayetafuta pambo la ukutani, na huyo hana sababu ya kulipa zaidi ya bei ya pambo.

Hapo ndipo dalali anapoingia. Tuseme fundi anauza litungu lake kwa shilingi 3,000 kwa sababu ndiyo bei aliyozoea. Mtu mwenye simu nzuri analinunua, analipangusa vumbi, analipiga picha tatu katika mwanga wa asubuhi, kisha anaandika aya moja: limetengenezwa wapi, kwa mti gani, linapigwa vipi, huchezwa katika hafla zipi. Analiuza kwa shilingi 9,000. Watu husema dalali amemnyonya fundi. Mimi nasema dalali ameuza bidhaa mbili: litungu aliloliuza fundi kwa 3,000, na aya moja ambayo yeye mwenyewe ameiuza kwa 6,000. Chungu ni kwamba aya hiyo yote ilitoka kinywani mwa fundi, aliyeisimulia bure alipoulizwa.

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza uchongaji wa vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nyumbani na kuwafunza wengine. Kutokana na chanzo hicho kidogo kulizuka kazi iliyowalisha maelfu ya watu, na chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kikaundwa Mombasa mwaka 1963. Vinyago vya twiga na simba vikaenda Ulaya na Marekani kwa mamia ya maelfu. Je, ni wanunuzi wangapi walioijua hata alama moja ya mchongaji? Kinyago kilinunuliwa kama kinyago, na kwa kuwa hakikuwa na jina, kingeweza kubadilishwa na kingine chochote, na bei yake ikawa ni bei ya kile kilicho rahisi zaidi katika rafu.

Linganisha na Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vibao mwishoni mwa miaka ya 1960, akafa mwaka 1972 kabla hajazeeka. Muda huo mfupi ulitosha kulifanya jina lake kuwa jina la mtindo mzima. Wachoraji waliomfuata, wakiwamo jamaa zake, hutia saini zao pembeni mwa picha, na anayenunua hujua kwamba amenunua kazi ya fulani. Wapo wanaolalamika kwamba jina la Tingatinga limewafunika wanafunzi wake, na malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, afadhali kufunikwa na jina kuliko kutokuwa na jina lolote. Saini ile iliyo pembeni inachukua nafasi isiyozidi ncha ya kidole.

Nije sasa kwa wauza vitu vya kikale, kwa maana kwao jambo hili ni kali zaidi. Mchongaji akikosea maelezo leo, kesho atachonga kingine. Anayeuza kitu cha kale anauza kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Santuri ndizo mfano ulio wazi kuliko yote. Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya zingalimo santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970, zimefungwa ndani ya masanduku pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za harusi. Gramafoni iliharibika zamani, vijana hawajui zinavyochezwa, na mama wa nyumba anataka nafasi. Anapopita mnunuzi anayezitaka, huuzwa zote pamoja kwa bei ya nauli. Mnunuzi huyo anajua kitu ambacho wenye nyumba hawakijui. Tangu mwaka 2000, Mmarekani Kevin Lewandowski alipoanzisha orodha ya Discogs, wapenda muziki wa dunia nzima wamekuwa wakiandika humo habari za kila santuri wanayoipata: jina la kampuni, namba iliyo kwenye kibandiko, namba iliyokwaruzwa karibu na kitovu, mwaka na nchi iliyochapwa. Hali ya santuri hutajwa kwa madaraja yanayojulikana, kuanzia ile ambayo haijaguswa hadi ile iliyochakaa kabisa. Baadaye orodha hiyo ikawa soko. Leo mtu aliye na namba hizo mkononi anaweza kujua kwa dakika mbili santuri kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani mara ya mwisho, iwe Paris au Tokyo.

Ndani ya masanduku hayo mna watu wetu. Mna Daudi Kabaka, aliyerekodi na kampuni ya Equator jijini Nairobi. Mna George Mukabi wa Kisa, bingwa wa gitaa la omutibo, aliyefariki mwaka 1963. Mwaka 2017, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido Records ilizitoa tena nyimbo za Mukabi, na watu wasiojua hata neno moja la lugha zetu wakazisikiliza kwa makini. Nyimbo za zama zile hufika kwa wasikilizaji wa leo kwa sababu pana santuri zilizobaki. Kila sanduku linalouzwa kwa bei ya nauli na kukwaruzwa njiani ni mlango mmoja unaofungwa.

Sisemi kwamba santuri zisiuzwe. Katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, Jimmy Rugami amejipatia sifa hata nje ya mipaka yetu kwa kununua, kusafisha na kuuza santuri, na sifa hiyo ameipata kwa sababu anajua anachokiuza. Ujuzi huo haukuteremka kutoka mbinguni. Mwanafunzi wa kidato chochote anayejua kusoma namba iliyoandikwa kwenye kibandiko anaweza kuanza kuupata Jumamosi hii, nyumbani kwa nyanya yake.

Naomba msomaji aniruhusu nichepuke kidogo nizungumzie Kiswahili, kwa kuwa walimu ni wengi miongoni mwetu. Nimeona wauzaji wakiandika kwamba kiti ni "kikuukuu" au redio ni "chakavu", wakidhani kwamba wanamsifia mnunuzi umri wa kitu. Kuukuu ni kitu kilichochoka kwa kutumika. Chakavu ni kile kinachokaribia kutupwa. Kitu cha kale ni kile kilichotoka katika zama zilizopita, nacho huenda ni kizima kuliko kilichotengenezwa jana. Na kitu cha kikale ni kile kilicho katika mtindo wa zama hizo, hata kama kimetengenezwa juzi. Muuzaji anayeita kigoda cha babu yake kikuukuu amekishusha bei kwa mkono wake. Anayekiita cha kale kigoda kilichochongwa mwezi uliopita na kufukizwa moshi ili kiwe cheusi ni mwongo. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kutenganisha hali hizi zote, na ni aibu kuyaacha yalale kamusini.

Vijana wa mitumba wamelielewa jambo hili mapema. Wanapofungua robota, hutenga kwanza nguo bora wanazoziita "kamera", na zile za mwisho kabisa huitwa "fagia". Msamiati huo ni maelezo tayari, hata kama hauko katika kitabu chochote cha shule. Aliye hodari miongoni mwao hutazama kibandiko kilicho shingoni mwa shati, huchunguza ushonaji, na kujua kama ni nguo ya miaka ya 1990 ambayo mtu wa mjini atailipia zaidi. Kijana huyo anafanya utafiti. Kinachoniudhi ni kwamba anautumia kwa shati lililotoka Ulaya, huku kando yake mfinyanzi wa Bungoma anauza chungu ambacho hakuna anayeulizia udongo wake ulichimbwa wapi.

Zamani kulikuwa na watu walioelewa thamani ya kibandiko. Nendeni Kitale, mwendo usiozidi nusu siku kutoka hapa. Mwaka 1926 mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, alifungua makumbusho yake binafsi huko, akakusanya ndege, wadudu na vitabu kwa miaka mingi. Baada ya kifo chake mkusanyo ulibaki kwa umma, na mwaka 1974 ukahamishiwa katika jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Kitale. Ukoloni nauchukia kama yeyote mwingine, na ardhi ya Trans-Nzoia ina historia yake ya machozi. Lakini mwanafunzi wa biolojia atakwambia kwamba kipepeo aliyebandikwa kwenye kisanduku bila karatasi ya kusema alinaswa wapi, lini na nani, ni pambo tu. Akiwa na karatasi hiyo ni ushahidi. Tofauti baina ya pambo na ushahidi ni mistari mitatu ya wino. Na wahenga wetu, ambao niliwakosoa hapo mwanzo, hapa walipiga ndipo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, daftari hilo aliandike nani? Fundi wa litungu ana kazi ya kutosha. Mfinyanzi mara nyingi ni mama mwenye umri mkubwa, na simu aliyo nayo ni ya kupiga na kupokea. Jibu langu ni kwamba kazi hii ni ya shule, na nitaeleza kwa nini.

Katika somo la Kiswahili wanafunzi wetu wanafunzwa insha ya maelezo. Wanafunzwa pia kuandika tangazo, ambalo ni miongoni mwa insha za kiuamilifu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ni ya insha tupu. Na tunawapa mada gani? Eleza shule yako. Eleza siku ya maonyesho ya kilimo. Eleza ajali uliyoshuhudia. Mwanafunzi hubuni ajali ambayo hakuiona, huimwagia methali kumi, na mwalimu humpa alama kumi kati ya ishirini. Hakuna anayeihitaji insha hiyo baada ya kusahihishwa. Lau mwanafunzi huyo angetumwa kwa mfinyanzi aliye jirani na shule, aulize maswali, apime chungu kwa rula, aandike jina la aliyekifinyanga kwa idhini yake, aeleze kilivyochomwa na kinavyotumika, kisha akaiandika habari hiyo kwa maneno mia moja yasiyo na chumvi, insha yake ingesomwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo angetoa fedha kwa sababu ameiamini. Sijui mtihani mkali kuliko huo.

Najua nitakavyojibiwa. Mwalimu atasema silabasi imejaa, madarasa yamefurika, na mabadiliko ya mtaala hayajampa nafasi ya kupumua. Malalamiko hayo ni ya haki na sitayapuuza. Hata hivyo siongezi somo jipya. Nabadilisha mada ya insha iliyopo. Mwingine atasema kwamba mnunuzi wa ng'ambo hasomi Kiswahili. Ni kweli, na ndiyo sababu mwanafunzi aandike kwa lugha zote mbili, ilimradi jina la kitu libaki lilivyo, litungu liwe litungu. Tena tusisahau kwamba wanunuzi wengi hawako ng'ambo. Wako Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, wengine ni wana wa Bungoma wenyewe waliohamia mijini na wanaotaka kitu cha kwao ukutani, na hao hawahitaji kufasiriwa.

Mwalimu wa historia naye hajaachwa nje. Moja ya maswali ya kwanza anayouliza mnunuzi wa kitu cha kale ni umri wake, na hapa Bungoma tuna kalenda ambayo wengi hawaijui thamani yake. Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka shufwa, na kila kundi huingia katika rika lenye jina, marika yakizunguka kwa muda unaokaribia karne. Mzee akikwambia kwamba kigoda hiki kilichongwa wakati Banyange wanatahiriwa, amekutajia kipindi cha miaka ya mwisho ya 1940 na ile ya 1950. Akisema Bamaina, umeingia miaka ya 1960. Mfanyabiashara wa London angelipa kupata tarehe kama hiyo kwa kiti cha nchi yake. Sisi tunayo bure katika vinywa vya wazee, na kila mwaka vinywa hivyo vinapungua. Chuo Kikuu cha Kibabii kipo papa hapa, nacho kina vijana wanaojua kompyuta. Si ndoto kufikiri kwamba wangeweza kuweka daftari moja la vitu vya kaunti hii, kila kitu na picha yake, rika lake na jina la ukoo uliokimiliki.

Daftari hilo litakuwa na kazi nyingine ambayo haihusu kuuza. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa amesimama kando ya vigango viwili, zile nguzo za mbao zinazowakumbuka waliokufa. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ikapita, na vyote viwili vikapatikana katika makumbusho tofauti ya Marekani, vikiwa vimepitia mikononi mwa wafanyabiashara wa sanaa. Vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Ni kitu gani kilichothibitisha kwamba ni vile vile? Ni picha ile, pamoja na jina la mzee na la mahali alipopigwa. Vigango vingine vingi vilivyoibwa pwani havikuwahi kupigwa picha, na nani atajua ni vya ukoo gani?

Kwa hiyo muuzaji kijana ana haki ya kuambiwa mipaka mapema, kabla hajajitia matatani. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kama vitu vya kale vile vyote vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 inalindwa pia, jambo linalowahusu zaidi ndugu zetu wa Lamu na Mombasa. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ambayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista. Sheria ya 2016 haijulikani sana hata kwa wale inaowalinda, na ningefurahi kuona nakala yake katika maktaba ya kila shule.

Zaidi ya sheria yapo mambo ambayo yanaamuliwa nyumbani. Miongoni mwa vitu ambavyo wanunuzi wa vitu vya kikale huviulizia huku kwetu ni chinyimba, zile njuga za chuma ambazo kijana wa Kibukusu huzipiga anapowaendea jamaa zake kuwaalika kwenye tohara yake. Zinapendeza kwa macho, zina sauti kali, na katika picha hutoka vizuri. Kijana mmoja wa mtaa wetu alimwendea babu yake na kumwomba ampe zile za ukoo azipige picha aziweke mtandaoni, na akamweleza kwa adabu kwamba zingeweza kulipa karo ya muhula. Mzee hakukasirika. Alizileta, akazipangusa kwa kitambaa, akamtajia mjukuu wake majina ya wote waliozitumia tangu zilipofuliwa, jina kwa jina, na kijana akayaandika yote katika simu. Kisha mzee akazirudisha sandukuni. Agosti ya mwaka shufwa ilikuwa inakaribia, na mdogo wake kijana huyo alikuwa anazingoja.